Kimiminika Ndani ya Tangi Linalozunguka: Mwendo wa Mafuta katika Vyombo vya Angani na Njia za Kuufundisha

UTANGULIZI

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huulizwa maswali mengi ambayo majibu yake hayamo katika kitabu cha kiada. Mtoto aliyeona picha ya roketi atataka kujua: chombo kikishafika juu, mafuta yake hukaa wapi ndani ya tangi? Je, huelea? Je, yakisukasuka, chombo chenyewe hakiyumbi? Aghalabu mwalimu hujibu kwamba mambo hayo ni ya wataalamu, kisha huendelea na somo. Jibu la namna hiyo humfundisha mtoto jambo moja tu, yaani kwamba sayansi si mali yake.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kumweleza mwalimu mwanafunzi, kwa lugha nyepesi lakini iliyo sahihi, jinsi kimiminika kinavyokwenda ndani ya tangi la chombo cha angani kinachozunguka, na kwa nini mwendo huo umepata kuharibu kazi ya vyombo vya thamani kubwa. Shabaha ya pili ni kuonyesha kwamba kanuni zote zinazohusika zaweza kuthibitishwa darasani kwa yai, kopo, kamba na chupa. Mwalimu hahitaji maabara ili afundishe jambo hili. Anahitaji kulielewa kwanza.

KWA NINI CHOMBO CHA ANGANI HUZUNGUSHWA

Pia ya mtoto husimama juu ya ncha yake madhali inazunguka kwa kasi. Kasi ikipungua huyumba, hatimaye huanguka. Kitu kizungukacho hushikilia mwelekeo wa mhimili wake, wala hakigeuzwi kwa urahisi. Tabia hiyo ndiyo inayotumiwa angani. Chombo kilichoko huko hakina ardhi ya kukanyaga wala hewa ya kuegemea, hivyo kikisukumwa kidogo tu huanza kugeukageuka pasipo kukoma. Mojawapo ya njia nyepesi za kukituliza ni kukizungusha kama pia, ili mhimili wake uelekee upande mmoja daima.

Mfano mzuri ni satelaiti ya mawasiliano iitwayo Syncom 2, iliyorushwa na Marekani tarehe 26 Julai 1963. Umbo lake lilikuwa kama ngoma fupi, kipenyo chake sentimita 71 na kimo chake sentimita 39, nayo ilizungushwa ili itulie. Kwa njia ya satelaiti hiyo, tarehe 23 Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli katika bandari ya Lagos.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa na wataalamu wa Italia kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Kwa ajili ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ikijizungusha polepole, mara moja kwa kila dakika 12 hivi, ili vifaa vyake vya kupokea mionzi ya eksirei vipitie anga kipande kwa kipande.

Mfano wa tatu unahusu mafuta hasa. Mwaka 2000 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha satelaiti nne za mradi wa Cluster ili kuchunguza eneo la usumaku linaloizunguka dunia. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 1,200 hivi wakati wa kurushwa, na kati ya hizo kilo 650 zilikuwa mafuta ya kuendeshea, yaliyotiwa katika matangi sita. Hebu mwalimu atafakari: zaidi ya nusu ya chombo ilikuwa kimiminika, na chombo hicho kilikuwa kikizunguka mara 15 kwa dakika. Mtu akitaka kujua jinsi chombo hicho kitakavyotulia, hawezi kukihesabu kama jiwe. Hana budi kujua kimiminika kilichomo kinafanya nini.

KIMIMINIKA PASIPO KUHISI UZITO

Kabla ya kusema juu ya mzunguko, yafaa tuondoe kosa moja lililoenea shuleni, kwamba angani hakuna mvutano wa dunia. Kwa kweli mvutano upo. Katika kimo cha kilometa 400 juu ya uso wa dunia, mvutano bado ni karibu sehemu tisa kwa kumi ya ule uliopo hapa chini. Lau usingekuwapo, satelaiti zisingeizunguka dunia, bali zingekwenda zake moja kwa moja. Sababu ya vitu kuelea ndani ya chombo ni kwamba chombo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja kuelekea dunia, ilhali vinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi cha kuikosa dunia daima. Madhali tangi na mafuta vinaanguka kwa namna moja, mafuta hayana sababu ya kulalia sakafu ya tangi.

Hapo nguvu nyingine ndogo, ambayo hapa duniani hufunikwa na uzito, hupata nafasi ya kutawala. Ni ile inayofanya tone la maji lijikunje kuwa mviringo juu ya jani la mgomba, nayo huitwa mkazo wa uso. Ndani ya tangi lililo angani mafuta hutambaa na kung'ang'ania kuta, na gesi iliyomo hubaki kama povu kubwa katikati au popote itakaposukumwa. Jambo hilo lina hatari, kwa kuwa injini hunyonya mafuta kupitia mdomo mmoja wa tangi. Ikiwa wakati wa kuwasha injini mdomo huo umezibwa na gesi badala ya mafuta, injini itameza gesi na kuzimika, au hata kuharibika.

Wataalamu walilichukulia jambo hili kwa uzito tangu mapema. Tarehe 5 Julai 1966 Wamarekani walirusha roketi ya Saturn katika safari iliyopewa namba AS-203. Hakukuwa na mtu ndani yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kutazama, kwa kamera za televisheni zilizowekwa katika tangi, jinsi haidrojeni ya majimaji inavyotenda wakati hakuna uzito unaohisika.

Njia moja ya kuyakusanya mafuta ni kuwasha roketi ndogo za pembeni kwa muda mfupi. Chombo husukumwa mbele, mafuta yakabaki nyuma na kulalia mdomo wa tangi, kama abiria anavyosukumwa kwenye kiti basi linapoondoka. Njia ya pili ni kuzungusha chombo.

TANGI LINAPOANZA KUZUNGUKA

Tuanze na lililo karibu nasi. Chukua kopo lenye maji, lining'inize kwa kamba, lizungushe mpaka kamba isokoteke sana, kisha liachie. Isaac Newton alieleza jaribio la namna hii, kwa kutumia ndoo, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1687. Hatua zake ni nne, na kila hatua ina fundisho.

Kwanza, kopo linazunguka lakini maji yametulia na uso wake ni bapa. Maji hayajui, kama tukiruhusiwa kusema hivyo, kwamba kopo limeanza safari. Kila maada hupenda kuendelea na hali iliyokuwa nayo.

Pili, msuguano kati ya ukuta wa kopo na maji huanza kuyavuta maji. Tabaka lililo karibu na ukuta hutangulia, nalo huvuta tabaka linalofuata, na hivyo mwendo huingia ndani hatua kwa hatua.

Tatu, maji yote yanazunguka pamoja na kopo. Sasa uso wake si bapa tena. Umebonyea katikati na kuinuka pembeni kama bakuli. Katika kopo lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, mzunguko mmoja kwa sekunde hufanya maji ya ukingoni yawe juu ya yale ya katikati kwa sentimita 2 hivi. Kasi ikiongezwa mara mbili, tofauti hiyo huwa sentimita 8, yaani mara nne.

Nne, kopo likishikwa ghafla na kusimamishwa, maji huendelea kuzunguka kwa muda, na uso wake hubaki umebonyea. Mwendo umo katika maji, haumo katika kopo.

Ndani ya tangi la chombo cha angani hatua ni hizo hizo, ila uzito haupo wa kuyavuta maji chini. Kwa hiyo uso haushii kuwa bakuli tu. Mafuta yote husogea mbali na mhimili na kulalia ukuta wa nje, na gesi husukumwa upande wa ndani, ulio karibu na mhimili. Mdomo wa tangi ukiwekwa upande wa nje, mafuta yatakuwapo hapo daima. Katika Cluster mzunguko mmoja ulichukua sekunde 4. Kitu kilicho umbali wa mita 1 kutoka katika mhimili wa chombo kama hicho husukumwa na ukuta kana kwamba kina uzito wa robo hivi ya uzito wake wa duniani. Robo hiyo yatosha kabisa kuyatuliza mafuta. Vilevile chombo cha Juno, kilichofika katika sayari ya Sumbula mwezi Julai 2016, kilizungushwa mara 5 kwa dakika kilipowasha injini yake kubwa, na mara 2 kwa dakika kilipokuwa katika kazi ya uchunguzi.

Hadi hapa mzunguko waonekana kuwa rafiki wa mafuta. Lakini urafiki huo una masharti.

HASARA INAYOLETWA NA NISHATI KUPOTEA

Tarehe 31 Januari 1958 Marekani ilirusha satelaiti yake ya kwanza, Explorer 1. Ilikuwa nyembamba kama penseli: urefu wake ulikuwa mita 2 hivi na kipenyo chake sentimita 15 hivi. Ilizungushwa mara 750 kwa dakika kwa mhimili wa urefu wake, kama mshale au risasi. Wahandisi walitarajia iendelee hivyo. Baada ya muda mfupi ikaonekana kwamba imegeuka, inapinduka kichwa kwa miguu, kama fimbo iliyotupwa hewani. Hakuna kilichoigonga. Mkosaji alikuwa antena zake nne, nyembamba na zenye kunyumbuka, zilizokuwa zikichezacheza huku chombo kikizunguka.

Ili kuelewa kisa hiki, mwalimu hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. La kwanza ni kiasi cha mzunguko, ambacho tutakiita akiba ya mzunguko. Chombo kisichoguswa na kitu cha nje hakiwezi kuongeza wala kupunguza akiba hiyo. La pili ni nishati ya mwendo. Hii yaweza kupungua hata pasipo kuguswa na kitu cha nje, kwa sababu msuguano wa ndani huigeuza kuwa joto.

Sasa fikiri juu ya mtu anayezunguka akiwa amesimama na mikono ameikunja kifuani. Akiikunjua mikono, kasi yake hupungua. Akiba yake ya mzunguko ni ile ile, lakini maada imekwenda mbali na mhimili, hivyo nishati inayohitajika ni ndogo zaidi. Twaweza kusema kwamba kitu kinachozunguka huku maada yake ikiwa mbali na mhimili hutunza akiba ile ile kwa gharama ndogo ya nishati. Kwa penseli, mzunguko wa gharama kubwa ni ule wa urefu wake, kwa kuwa maada yote iko karibu na mhimili. Mzunguko wa gharama ndogo ni wa kupinduka kichwa kwa miguu. Antena za Explorer 1 zilipokuwa zikinyumbuka, zilipoteza nishati kidogo kidogo. Nishati ilipopungua na akiba ikabaki ile ile, chombo hakikuwa na njia ila kuhamia katika mzunguko wa gharama ndogo.

Kanuni inayotokana na kisa hicho ni hii: chombo chenye kitu kinachochezacheza ndani yake hutulia tu kikizunguka kwa ule mhimili ambao maada iko mbali nao kuliko mihimili yote. Ngoma fupi ya Syncom 2 ilifuata kanuni hiyo. Penseli ya Explorer 1 ilikwenda kinyume chake.

Ikiwa antena nyembamba zaweza kufanya hivyo, sembuse kilo mamia za kimiminika! Mhimili wa chombo ukiyumba kidogo, mafuta ndani ya tangi husukwa huku na huku, yakajisugua katika kuta na yenyewe kwa yenyewe. Nishati huwa joto, na mwyumbo huongezeka au hupungua kulingana na umbo la chombo. Mwaka 1969 satelaiti ya Marekani iitwayo ATS-5 ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Kimiminika kilichokuwa katika mabomba yake ya kusambazia joto kilipoteza nishati kwa kasi isiyotazamiwa, chombo kikapinduka kutoka katika mhimili wake, na baadhi ya kazi zilizokusudiwa hazikuweza kufanywa.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kuguswa katika karne ya 19. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Kelvin, alitengeneza pia zilizo tupu ndani na kuzijaza maji. Pia iliyobonyezwa kidogo kama chungwa ilisimama vizuri ilipozungushwa. Iliyorefushwa kidogo kama yai ilianguka, hata ilipozungushwa kwa kasi kubwa. Maji yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa umbo la chombo kilichoyabeba.

Lipo jambo lingine linalozidisha hatari. Kimiminika kinachozunguka hakiendi kama kitu kigumu. Kina mawimbi yake ndani, na kila wimbi lina mdundo wake. Mtu anayesukuma bembea ajua kwamba msukumo mdogo ukija kwa wakati wake huipandisha bembea juu sana. Ndivyo ilivyo tangini. Mdundo wa kuyumba kwa chombo ukilingana na mdundo wa mojawapo ya mawimbi ya mafuta, kila kimoja humchochea mwenziwe.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 21 Machi 2007. Kampuni ya SpaceX ilirusha roketi yake ya Falcon 1 kwa mara ya pili, kutoka kisiwa cha Omelek katika Bahari ya Pasifiki. Sehemu ya pili ya roketi ilipokuwa ikipanda, oksijeni ya majimaji ilianza kusukasuka tangini. Mwyumbo uliongezeka, ukawa wa kuzunguka, na roketi yenyewe ikaanza kujizungusha isivyotakiwa. Mafuta yakatupwa pembeni mwa matangi, mbali na mdomo wa katikati, injini ikakosa chakula na kuzimika kabla ya wakati. Hapa msomaji ataona kwamba mzunguko ule ule unaoyapeleka mafuta mdomoni katika chombo kimoja, uliyaondoa mdomoni katika kingine. Yote hutegemea mahali mdomo ulipo. Baada ya tukio hilo viwambo vya kuzuia msukosuko vilitiwa katika tangi hilo, na katika safari ya nne, tarehe 28 Septemba 2008, roketi hiyo ilifaulu kuizunguka dunia.

NJIA ZA KUUTULIZA MSUKOSUKO

Katika sehemu nyingi za nchi zetu mtu anayechota maji kisimani na kuyabeba kwa ndoo kichwani hutia majani au kijitawi juu ya maji ili yasimwagike njiani. Majani hayo huyakatiza mawimbi kabla hayajakua. Dereva wa lori la maji naye ajua kwamba tangi lake lina kuta ndogo zenye matundu ndani. Bila kuta hizo, maji yangelisukuma lori mbele linapofunga breki na kuliangusha linapokata kona. Viwambo vya matangi ya roketi ni ndugu wa majani yale na kuta hizo.

Njia nyingine ni kutenganisha mafuta na gesi kwa kifuko au utando wa mpira. Gesi husukuma utando, utando husukuma mafuta, na nafasi ya mafuta kuchezacheza hupungua. Njia ya tatu ni kutumia mkazo wa uso, kwa kuweka ndani ya tangi vibati vyembamba na nyavu za chuma ambazo mafuta huzing'ang'ania na kutambaa hadi mdomoni. Njia ya nne ni mpangilio: matangi huwekwa kwa ulinganifu kuuzunguka mhimili, na mafuta hutumiwa kwa usawa, ili upande mmoja usiwe mzito kuliko mwingine.

Hata hivyo hesabu pekee haitoshi. Kupima mambo haya hapa duniani ni kugumu, kwa kuwa uzito huingilia kila jaribio. Kwa sababu hiyo, tarehe 12 Februari 2005, satelaiti ndogo iitwayo Sloshsat FLEVO, iliyotengenezwa Uholanzi, ilirushwa kwa kazi hiyo tu. Ilibeba tangi la lita 87 lenye maji lita 33.5. Ilisukumwa na kuzungushwa kwa makusudi, na vipimo vikaandika jinsi maji yalivyoipiga. Satelaiti nzima ilitengenezwa ili kuuliza swali lile lile aulizalo mtoto: maji yaliyomo ndani yanafanya nini?

KUFUNDISHA JAMBO HILI DARASANI

Somo hili lawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Lisifundishwe kwa mara moja. Vipindi viwili au vitatu vyafaa zaidi. Kanuni ya kufuata ni moja: wanafunzi watabiri kwanza, watazame, ndipo waeleze. Mwalimu anayeeleza kabla ya jaribio huwanyang'anya wanafunzi kazi yao.

Jaribio la kwanza: mayai mawili. Andaa yai moja bichi na moja lililochemshwa hadi kuiva kabisa. Wanafunzi wasiambiwe lipi ni lipi. Zungusha yote mawili juu ya meza au sinia. Lililochemshwa huzunguka vizuri; bichi huzunguka kwa uzito na kuchoka upesi, kwa sababu ganda limeanza mwendo na majimaji ya ndani yamebaki nyuma. Kisha zungusha tena, liguse kila yai kwa kidole lisimame, na uondoe kidole mara moja. Lililochemshwa hubaki limetulia. Bichi huanza tena kuzunguka lenyewe. Waulize: ni nani aliyelisukuma? Waache wabishane. Katika ubishi huo ndimo wanafunzi watakapogundua kwamba majimaji yalikuwa bado yanakwenda ndani ya ganda lililosimama.

Jaribio la pili: kopo la Newton, kama lilivyoelezwa hapo juu. Nyunyiza pumba kidogo juu ya maji ili mwendo wake uonekane. Wanafunzi wachore umbo la uso wa maji katika kila hatua miongoni mwa zile nne. Michoro yao itamwonyesha mwalimu nani ametazama na nani amekisia.

Jaribio la tatu: chupa inayoanguka. Toboa tundu dogo karibu na kitako cha chupa ya plastiki, ziba tundu kwa kidole, na ujaze maji bila kufunga kifuniko. Ondoa kidole, maji yatoke. Sasa iachie chupa ianguke kutoka juu ya kiti hadi katika karai. Wakati wa kuanguka maji huacha kutoka tunduni. Mvutano wa dunia haukuondoka. Ndio ulioiangusha chupa. Lakini maji na chupa vimeanguka pamoja, kwa hiyo maji hayakuilalia chupa. Jaribio hili la nusu sekunde huondoa kosa la miaka mingi.

Jaribio la nne: sinia la maji. Mwanafunzi mmoja abebe sinia lenye maji na kutembea haraka; kisha arudie baada ya kutandaza majani mabichi juu ya maji. Wengine wapime ni maji kiasi gani yamemwagika kila mara. Hapa wanafunzi watoe mifano ya nyumbani kwao, nayo itakuwa mingi kuliko aliyonayo mwalimu.

Katika kueleza, mwalimu ajihadhari na maneno yatakayopotosha. Wengi husema kwamba mzunguko huzaa nguvu ya kurusha vitu nje. Tazama jiwe la kombeo: likiachiwa haliendi moja kwa moja kutoka kwa mrushaji, bali hushika njia iliyonyooka kuelekea kule lilikokuwa likienda wakati huo. Ndivyo lilivyo kila tone la mafuta. Linataka kwenda moja kwa moja. Ukuta wa tangi hulizuia na kulipinda njia. Mwanafunzi akielewa kwamba ukuta ndio unaosukuma kuelekea ndani, ataelewa pia kwa nini mafuta hulalia ukuta wa nje.

Mwalimu asione haya kutumia mayai na makopo kueleza mambo ya vyombo vya gharama kubwa. Wahandisi wa mwaka 1958 walikuwa na hesabu zote za kitu kigumu kinachozunguka, na hesabu hizo zilikuwa sahihi. Kilichowaponyoka ni kwamba chombo chao hakikuwa kigumu. Mtoto aliyezungusha yai bichi na yai lililoiva mezani ameishika tofauti hiyo kwa mkono wake.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kimiminika ndani ya tangi linalozunguka huchelewa kuanza na huchelewa kukoma; kwamba hulalia ukuta ulio mbali na mhimili; na kwamba kikisukasuka hupoteza nishati, ambayo kupotea kwake kwaweza kukigeuza chombo kizima. Tumeona pia kwamba tiba zake, kwa asili, si ngeni kwa mtu aliyepata kubeba ndoo ya maji. Kazi ya mwalimu ni kuunganisha yale ambayo mwanafunzi anayajua kwa mazoea na kanuni inayoyaeleza. Akifanya hivyo, swali juu ya mafuta ya roketi halitampata amekaa kimya.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Kwa nini kasi ya mzunguko ikiongezwa mara mbili, maji ya kopo hupanda mara nne na si mara mbili? Pangeni jaribio la kuthibitisha jambo hilo.

2. Mwanafunzi amesema, "Angani hakuna mvutano, ndiyo maana vitu vinaelea." Mtamjibuje bila kumvunja moyo, na mtatumia zana gani?

3. Chombo chenye umbo la penseli na chenye umbo la ngoma fupi vyote vina mafuta. Kipi chaweza kuzungushwa kwa mhimili wa kimo chake kwa usalama, na kwa nini?

4. Andaeni somo la dakika 40 juu ya mayai mawili. Onyesheni ni wapi wanafunzi watatabiri, wapi watatazama, na wapi wataeleza.